Gansa ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wanay alishuka kwenye mashamba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi, kikapu kiunoni, akiokota konokono. Mama yake, Ungay, aliwapika konokono hao kwa maharage, uyoga na pilipili kali, na mtu akipita nje ya nyumba yao saa ya chakula lazima angesimama na kuuliza, "Kuna nini leo humo ndani?" Wanay alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa mwepesi wa miguu, mwepesi wa kucheka, na hapakuwa na mtoto kijijini Dakayan aliyeweza kumshinda kupiga mbizi katika Mto Chiko.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yake aipendayo zaidi. Baba yake mdogo, Dawagan, alikuwa akirudi shambani, ananawa matope, kisha anatandika mkeka uani na kuziteremsha gansa kutoka ukutani. Zilikuwa sita, sahani bapa za shaba, pana kama ungo, ambazo babu wa babu zao walizibadilisha kwa nyati. Wachezaji sita walipiga magoti kwa mstari, kila mmoja akakalia visigino vyake, akaweka gansa mapajani na kuipiga kwa viganja.

Wa kwanza alianza. Wa pili akaingia nyuma yake kidogo, wa tatu nyuma ya wa pili, wa nne nyuma ya wa tatu. Wa tano alishikilia mwendo, na wa sita akarukaruka juu yao wote kwa madoido. Pigo la mmoja peke yake halikuwa wimbo, lilikuwa kama mtu anayebisha hodi. Wimbo ulizaliwa pale pigo la huyu lilipoingia katika mwanya wa yule. Na kila kijiji bondeni kilikuwa na namna yake ya kuijaza mianya hiyo. Mtu akiwa mlimani na kusikia gansa za mbali hakuuliza ni nani wanaocheza. Alisikiliza kidogo tu, akasema, "Hao Gawidan, wazito kama nyati," au, "Hao Dakayan, wanaruka kama mbuzi."

Zamani waliopiga gansa walikuwa wanaume peke yao, na wanawake walicheza ngoma au kupiga vyombo vya mianzi. Lakini vijana wengi walikuwa wamekwenda mjini kusoma na kutafuta kazi. Dawagan alipokosa mtu wa kushika gansa ya tatu, alimwita Wanay. Wazee wawili watatu waliguna. Dawagan akawaambia, "Mkiwa na mvulana mwenye sikio kama la huyu, nileteeni nami nitambadilisha kesho." Hawakumleta.

Ndiyo maana sikio la kushoto lilipoanza kuuma, Wanay hakumwambia mtu.

Lilianza baada ya siku moja ya kushindana kupiga mbizi. Kwanza lilikuwa kama lina maji ndani. Akarukaruka kwa mguu mmoja, yasitoke. Akachokonoa kwa unyoya wa kuku. Baada ya siku chache likawa linapwita usiku kucha, kisha maumivu yakapungua, lakini asubuhi akakuta mto wake una doa lenye harufu mbaya. Alinyofoa pamba kidogo kwenye blanketi, akaliziba nayo sikio, na kuangusha nywele juu yake.

"Siku hizi mbona hufungi nywele?" mama yake alimuuliza.

"Napenda hivi tu, Mama."

"Mapenzi hayo ya kutumbukiza nywele kwenye mchuzi mimi siyajui," alisema Ungay, akaendelea kupakua.

Wakati wenyewe haukuwa wa kuumwa. Mavuno yakishaisha, watu wa Gawidan wangekuja Dakayan kufanya upya bodong, mapatano ya amani kati ya vijiji hivyo viwili. Miaka ya nyuma walikuwa wamegombana vikali juu ya maji ya mashamba, na watu walikuwa wameumizana. Sasa wazee wangeketi, wangekula pamoja, na kila upande ungeapa kuwalinda watu wa upande wa pili kama watu wake. Wenyeji ndio waliotakiwa kufungua kwa gansa. Tena Ungay alizaliwa Gawidan. Baba yake, Babu Kotoken, angekuwa miongoni mwa wageni, na alikuwa hajapata hata siku moja kumsikia mjukuu wake akipiga.

Mazoezi yalianza kuharibika.

Wanay alikaa wa tatu, na wa pili alikuwa kushoto kwake, upande wa sikio lililoziba. Hakumsikia tena vizuri. Akajifunza ujanja: akawa anamtazama viganja kwa pembe ya jicho. Lakini jicho huchelewa kuliko sikio. Pigo lake lilikuja nyuma kidogo ya mahali pake, na Bagtang, mvulana mpole aliyepiga gansa ya nne kuliani kwake, alivutwa naye. Bagtang akijaribu kurudi kwenye mstari, anagongana na wa tano. Wimbo unapinda, unayumba, unaanguka.

"Simama!" alisema Dawagan jioni moja. "Nani huyo anayejikwaa hapo?"

"Bagtang," alisema Sagasag, ambaye alipiga gansa ya sita na alikuwa na ulimi kama wembe. "Ana mikono ya uji."

"Samahani, Mwalimu," alisema Bagtang. "Nitarekebisha."

Wakaanza tena. Wimbo ukaanguka mahali palepale. Wakaanza tena, ukaanguka.

"Bagtang, unakimbilia wapi?" aliuliza Dawagan. "Msikilize aliye kabla yako."

"Namsikiliza, Mwalimu. Sijui… Nikimfuata napotea."

Sagasag alicheka. "Sasa unamsingizia Wanay? Huyo hata akipiga amelala anakushinda."

Bagtang alimtazama Wanay. Alingoja. Wanay alihisi uso wake umepata moto. Neno lilimjia mpaka ncha ya ulimi: ni mimi. Lakini akawaona wale wazee wakiguna, akaiona gansa ya tatu mapajani mwa mtu mwingine, na Babu Kotoken akiuliza yuko wapi mjukuu wake. Akainamisha kichwa na kujifanya anafuta jasho kwenye shaba.

Kesho yake Dawagan alimwita Bagtang pembeni. Hakumfokea. Alimshika bega na kumwambia apumzike kwanza, kaka mkubwa wa Sagasag angemshikia nafasi. Bagtang aliitikia kwa kichwa, akaenda kuitundika gansa ukutani mwenyewe, taratibu, kisha akatoka uani bila kumtazama mtu.

Kaka huyo wa Sagasag alikaa nafasi ya nne. Alikuwa mtu mzima, mwenye viganja vigumu, aliyekwisha kupiga kwenye harusi nyingi. Wakaanza. Wimbo ukaanguka mahali palepale.

Kaka mtu alikuna kichwa. "Mwalimu, hapa kuna kitu. Ni kama daraja lenye ubao uliolegea. Unakanyaga, nao unabonyea."

Dawagan alitembeza macho kwenye mstari wote, polepole. Yalipomfikia Wanay, Wanay alisimama.

"Tumbo linaniuma, Baba mdogo. Naomba niende nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kwa kina Bagtang, mwisho wa kijiji, karibu na mfereji. Alipokaribia alimwona Bagtang ameketi kwenye ngazi ya nyumba, ameshika vipande viwili vya mwanzi, anapiga pigo la nne. Bibi yake, aliyekuwa akipeta mchele, alikuwa akimwimbia pigo la tatu kwa mdomo ili apate wa kumfuata. Mvulana hakukosea hata mara moja. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, vyekundu.

"Karibu, mjukuu," alisema bibi. "Umekuja kumfariji mwenzio? Hali chakula huyu. Anasema mikono yake ina laana."

Wanay alisimama pale. Machozi yalimtoka.

"Mikono yake haina laana, Bibi. Ni mimi. Sikio langu la kushoto halisikii. Mimi ndiye ninayechelewa."

Bagtang aliweka chini mianzi. Alikuwa mpole, lakini upole una mpaka wake.

"Tangu lini?"

"Tangu… kabla hujaanza kukosea. Yaani, kabla sijaanza kukukosesha."

"Ukaniangalia nikifukuzwa?"

"Niliogopa."

"Na mimi je? Nilikuwa nafurahi? Sagasag ananiita Uji mbele ya shule nzima! Hata wadogo wa darasa la kwanza wananiita Uji! Nilidhani nimeharibika, Wanay. Nimekaa hapa napiga mpaka viganja vinawaka moto, kumbe wewe unajua!"

Bibi aliweka ungo chini, akamwita Wanay, akaziinua zile nywele na kuchungulia. Alipoiona pamba, na harufu ilipomfikia, alikunja uso.

"Ugomvi wenu mtaumaliza baadaye," alisema. "Bagtang, mpeleke mwenzio kwa Dawagan sasa hivi. Hili si jambo la gansa. Hili ni sikio linalooza."

Walipofika uani, wachezaji wengine walikuwa bado wapo, wakibishana ni nani anayeharibu. Wanay alitamani kumvuta baba yake mdogo faraghani. Lakini Bagtang alikuwa ametahayarishwa mbele ya watu, na Wanay akaona si haki mwenzake asafishwe gizani. Akasema mbele ya wote.

Wanay alingoja hasira ya Dawagan. Dawagan alipiga goti mbele yake, akaiondoa ile pamba, akalitazama sikio mpaka macho yake yakalengwa na machozi.

"Mwanangu," alisema, "gansa ikipasuka hatuifuti vumbi na kuitundika tukijifanya hatujaona. Tunamtafuta fundi. Wewe thamani yako ni chini ya gansa?"

Ungay alipoambiwa, alikaa chini mlangoni na kujishika kichwa. "Nalala naye chumba kimoja! Namuuliza habari za nywele, kumbe mwenzangu anaoza! Wanay, hujasikia wahenga wasemavyo? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Asubuhi walishuka wote watatu, Ungay, Dawagan na Wanay, hadi zahanati iliyo karibu na barabara kuu. Nesi Felisa alimulika sikio kwa kifaa chenye taa, akalisafisha taratibu, huku Wanay akibana meno.

"Ulichokonoa kwa kitu gani?" aliuliza nesi.

"Unyoya wa kuku."

"Na kuku mwenyewe mbona hukumleta?" Nesi hakuwa akicheka. "Sikiliza. Ndani kabisa kuna ngozi nyembamba inayopokea sauti, kama ngozi ya ngoma. Umepata uambukizo, usaha umeongezeka nyuma yake, na ngozi imetoboka kidogo. Ndiyo maana maumivu yalipungua. Ulidhani unapona, kumbe ndipo ulipokuwa unaharibika. Ungekaa hivyo miezi, ungeweza kuwa kiziwi wa sikio hilo maisha yako yote."

"Litapona?" aliuliza Ungay.

"Akifuata ninayosema, kuna matumaini makubwa. Dawa ya matone kila siku bila kuruka. Sikio likae kavu. Mtoni asiingize kichwa mpaka mimi mwenyewe nimruhusu. Asitie mafuta, asitie unyoya, asitie kitu chochote kisichotoka hapa. Lakini haliwezi kupona kesho. Litachukua wiki kadhaa."

Wageni wa Gawidan walikuwa wanakuja wiki iliyofuata.

Njiani kurudi, Wanay alimwambia Dawagan, "Baba mdogo, mpe mtu mwingine gansa ya tatu. Na Bagtang mrudishie ya nne. Mimi nitasaidia kupika."

Dawagan alitembea mpaka juu ya mlima, akasimama kuvuta pumzi. "Sikio la kulia je?"

"Hilo zima."

"Basi kwa nini wa pili asikae kuliani kwako?"

Jioni aliwaeleza wote. Bagtang angerudi kwenye gansa yake ya nne. Mstari wao daima ulianzia kushoto, tangu enzi za babu zao. Sasa ungeanzia kulia. Kila mmoja angehama, na kila aliyezoea kumsikia jirani upande mmoja angejifunza kumsikia upande mwingine. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama alipinga. "Mstari mzima ugeuke kwa ajili ya mtoto mmoja? Tena kwa wiki moja? Mtaaibika mbele ya wageni."

"Mzee wangu," alisema Dawagan, "tukimtoa huyu, tutakuwa tumempoteza wa tatu. Tukigeuka, hatupotezi mtu."

Lakini kabla hawajakaa, Bagtang alisema, "Mimi kwanza nataka kusikia neno." Alimtazama Sagasag.

Sagasag alikwaruza mkeka kwa kidole cha mguu. "Haya. Mikono yako si ya uji."

"Na shuleni?"

"Na shuleni nitasema. Nitawaambia uji ni mimi. Umeridhika?"

Wote wakacheka, hata Bagtang. Kisha Bagtang akamgeukia Wanay. "Wewe bado nimekukasirikia," alisema. "Lakini kaa. Nikiwa mbali nawe sijui niingie wapi."

Kugeuka hakukuwa rahisi. Siku za mwanzo walipiga kama watu wanaovuka mto gizani. Wa tano, aliyekuwa hajapata kukosea, alikosea mara nyingi akawa anajicheka mwenyewe. Ilibidi wasikilizane kama hawajapata kusikilizana, pigo kwa pigo, na mara nyingi Dawagan aliwaambia wafumbe macho. Wanay alikuja kila jioni, akiwa ametiwa matone na mama yake, nywele zimefungwa nyuma. Watoto wenzake walipomwita mtoni, alikaa kwenye jiwe na kuwachungia nguo, na ilimuuma. Lakini siku moja katikati ya mazoezi pigo lake lilianguka mahali pake, la Bagtang likaja nyuma yake kama mlango unaofungwa vizuri, na wote sita walitabasamu bila kuambiana.

Siku ya bodong kijiji kizima kilinukia nyama ya nguruwe na wali wa kunata. Moshi ulipanda, mbwa walibweka, na kina mama walivaa shanga zao za urithi. Habari ilipofika kwamba wageni wanaonekana kwenye kona ya mlima, Dawagan aliinua mkono. Wa kwanza akaanza. Wa pili akaingia. Wanay alisikia pigo hilo waziwazi katika sikio lake zima, akaingia, na Bagtang akaingia nyuma yake. Sagasag akarukaruka juu yao kama mbuzi aliyefunguliwa. Sauti ilijaa uani, ikamwagika mashambani, ikavuka bonde. Wanawake wa Dakayan walinyoosha mikono kama mabawa na kuanza kucheza. Wageni walipoingia, wanawake wa Gawidan wakajiunga nao bila kusubiri kukaribishwa.

Wimbo ulipokwisha, kiongozi wa wageni aliutazama mstari na kukunja uso. "Mbona mmekaa kinyume? Tangu nimezaliwa naijua Dakayan ikianzia kushoto. Mna maana gani?"

Siku kama hiyo hata namna ya kukaa huweza kuzua maneno. Dawagan alisimama.

"Hatuna maana mbaya, ndugu zetu. Mmoja wetu anaumwa sikio la kushoto. Basi wote tumehamia kulia."

Nyuma ya kiongozi alisimama mzee mfupi aliyeshika mkongojo. Alikuwa Babu Kotoken. Alianza kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mimi nilipokuwa kule kwenye kona, macho yangu haya mabovu hayakuona nani amekaa wapi," alisema. "Nilisikia tu. Nikamwambia huyu kijana anayenishika mkono: hao Dakayan, wanaruka kama mbuzi. Sasa wamekosa nini?" Akasogea, akamtazama Wanay. "Ni yupi mwenye sikio?"

"Mimi, Babu."

"Wewe! Wa Ungay wangu! Ulipiga ipi?"

"Ya tatu."

"Aa," alisema babu, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Basi nimekusikia toka mlimani."

Hapo hata kiongozi wa wageni alicheka, na watu wakakaa kula.

Baadaye, wazee wakiwa wameanza mazungumzo yao marefu ya amani, Dawagan aliwaita wachezaji wake sita pembeni, akawapa kila mmoja kipande cha nyama.

"Nataka mkumbuke jambo moja," alisema. "Watu husema Dakayan ina gansa nzuri. Shaba hata Gawidan wanayo. Kinachotufanya tuwe Dakayan ni hivi tunavyosikilizana. Wanay alipoficha maumivu yake, alidhani analinda nafasi yake. Kumbe alitufanya viziwi sote, na mzigo wake akaubeba Bagtang asiye na kosa. Na mimi mwalimu wenu nilikosea, nililaumu mkono kabla ya kuuliza. Ukiumwa, sema mapema, ili upone na ili mwenzako asiadhibiwe kwa ugonjwa wako. Na mwenzako akisema, sogea umpe nafasi. Hivyo ndivyo kijiji kinavyobaki kuwa kijiji."

Wanay alimgeukia Bagtang, akampa kipande chake cha nyama, kile chenye mafuta mengi.

Bagtang alikitazama, akakipokea, akakikata katikati kwa meno na kumrudishia nusu.

"Kula," alisema, kinywa kimejaa. "Wanatuita tena."

Na kweli, kutoka uani, watu wa vijiji viwili walikuwa wakipiga makofi na kuziita gansa. Wote sita walifuta mikono kwenye nguo zao, wakakimbia kwenda kupiga magoti mahali pao.